Lengo la Kujifunza Si Mada Iliyokwisha, Wala Si Namba ya Mtoto Darasani

Tangu ripoti mpya za maendeleo ya wanafunzi wa darasa la kwanza hadi la tatu zianze kutolewa, dawati letu la mitaala limepokea malalamiko mengi, na karibu yote yanarudi kwenye swali lilelile: "Mtoto kashika namba ngapi?" Ripoti haina namba. Haikusahauliwa, imeondolewa makusudi.

Mahali pake kuna orodha ya malengo ya kujifunza, na mbele ya kila lengo limeandikwa neno moja kati ya matatu: bado, anakaribia, amefikia. Lengo husema mtoto ataweza kufanya nini, tena kitendo cha kuonekana au kusikika. "Kuzifahamu silabi" si lengo. "Kusoma kwa sauti sentensi fupi tano ambazo hajawahi kuziona, kisha kujibu swali kuhusu alichosoma" ni lengo. Walimu wakiandika "kufahamu" kwenye andalio la somo tunawarudishia, nao hunung'unika kwamba tunabishania vitenzi. Ndiyo, tunabishania vitenzi. Ufahamu ulio kichwani mwa mtoto hauna wa kuupima mpaka aseme, achore, aandike au atende.

Kusoma ndiko kwenye mgogoro mkubwa. Kiswahili huandikwa kama kinavyotamkwa, kwa hiyo mtoto aliyekwisha kushika silabi hutamka karibu neno lolote, hata asilolijua maana. Hapo ndipo wazazi wengi hudanganyika. Mtoto anateremka na ukurasa mzima bila kukwama, nyumba nzima inashangilia, ukimuuliza ni nani aliyepotea katika hadithi anakodoa macho. Ndiyo maana ripoti inatenganisha ufasaha wa kusoma na ufahamu, na mtoto mmoja anaweza kuwa "amefikia" huku na "bado" kule. Si kosa la uchapaji, tafadhalini. Yapo pia maneno yanayochelewa kwa watoto wengi, kama "mbwa", "nywele" na "ng'ombe", kwa kuwa konsonanti zimebanana. Kugeuza b ikawa d ni jambo la kawaida katika umri huu.

Kwenye hisabati, kuimba moja hadi mia si kuhesabu. Lengo la mwanzo ni mtoto aguse kila kitu mara moja, akitaje kwa namba moja, na ajue kwamba namba aliyoishia ndiyo idadi ya vyote. Baadaye huja thamani ya tarakimu kulingana na nafasi yake. Lugha yetu inasaidia, maana "kumi na tatu" inajieleza yenyewe: kumi moja, na mamoja matatu. Inatega pia. Mtoto akisikia "kumi na tatu" huandika 103, kwa sababu ameandika kumi, kisha tatu, kama alivyosikia. Binafsi kosa hili hulipenda, kwani linaonyesha mtoto anafikiri nini. Mkato wa wino mwekundu haulitibu. Fungu la vijiti kumi na vijiti vitatu pembeni hulitibu.

Sayansi, sanaa na michezo si masomo ya kupumzikia. Kubashiri kipi kitaelea na kipi kitazama, kisha kujaribu, ni lengo. Kuchora darasa kama ndege angeliona kutoka juu ni mwanzo wa kusoma ramani. Kukata karatasi kwa mkasi kunatia nguvu vidole vilevile vinavyoshika penseli. Kulinganisha kumo katika masomo yote: wahusika wawili wa hadithi, kamba mbili, majani mawili.

Hata Umoja wa Mataifa, katika Malengo ya Maendeleo Endelevu yaliyopitishwa mwaka 2015, uliweka kiashiria kinachouliza ni watoto wangapi wa darasa la pili au la tatu wamefikia angalau kiwango cha chini katika kusoma na hisabati. Hakiulizi nani kawa wa kwanza.

Sasa utaratibu. Mwalimu hujaza neno "amefikia" baada ya kumwona mtoto akitenda katika nyakati tatu tofauti, si siku moja. Kila mara huandika tarehe, kazi aliyompa na msaada aliomsaidia nao, kama upo. Angalau ushahidi mmoja, yaani mchoro, daftari au maelezo ya mwalimu, hubaki kwenye mkoba wa kazi wa mtoto hadi mwisho wa mwaka. Mkaguzi akikuta jedwali limejazwa bila ushahidi, alama hizo hufutwa, watoto hupimwa upya mbele yake, na mwalimu huandika maelezo. Ikirudiwa, mkuu wa shule naye hujieleza. Kubadilisha neno kwa sababu mzazi amelalamika huhesabiwa kuwa udanganyifu, hata kama nia ilikuwa njema.

Mzazi asiyeridhika anaanza kwa mwalimu wa darasa na kuomba kuuona mkoba wa kazi. Hana haja ya barua kwa hatua hii. Wasipoelewana, hujaza fomu ya mapitio kwa mkuu wa shule akitaja lengo moja moja, si "ripoti yote", na mtoto hupimwa upya kwenye lengo hilo tu na mwalimu mwingine. Ombi la kuandikiwa namba ya mtoto darasani halina fomu.