Kwa nini rangi laini kwenye simu hugeuka ngazi kwenye bango?

Siku foleni ya Thika Road itakapokukwamisha mbele ya bango lenye picha ya machweo, likazie macho. Anga linaanza zambarau juu na linatakiwa kushuka polepole hadi rangi ya chungwa. Mara nyingine halishuki, linaruka: ukanda mpana wa rangi moja, kisha mwingine uliofifia kidogo, kisha mwingine, kama ngazi za ghorofa. Kwenye simu ya aliyelichora, anga hilo hilo lilikuwa laini kama maziwa.

Kwa miaka mingi nilikuwa na jibu, na nilikuwa nikilitoa hata bila kuulizwa: picha ina pikseli chache, yaani vile vitone vidogo vinavyoiunda. Mpwa wangu alipofungua kinyozi mtaani Umoja na kutaka bango la mita 3 linalotoka kijivu kilichokoza upande mmoja hadi karibu nyeusi upande wa pili, nilijitolea kumchorea. Bango likatoka na mistari. Nikamwambia bila kusita, “Tatizo ni pikseli. Nilitumia 72 kwa inchi, ngoja niweke 300.”

Faili ikavimba zaidi ya mara 17. Kompyuta ikahema usiku kucha. Bango la pili likatoka na mistari ile ile, mahali pale pale, kwa upana ule ule.

Hesabu niliifanya baadaye, na inaaibisha kwa wepesi wake. Katika faili ya kawaida ya picha, kila pikseli hubeba namba tatu, moja ya nyekundu, moja ya kijani, moja ya buluu, na kila namba ni nzima, kuanzia 0 hadi 255. Hakuna 70 na nusu. Kijivu changu kilianzia 70 kikaishia 20, yaani kilikuwa na ngazi 50 tu za kushukia. Gawa mita 3 kwa 50, unapata sentimita 6 kwa kila ngazi. Kwa pikseli 72 kwa inchi, kila ukanda wa sentimita 6 ulikuwa na pikseli takriban 170 zilizopangana kutoka ukingo hadi ukingo, zote zikiwa na namba moja. Nilipopandisha hadi 300, ukanda ukawa na pikseli kama 709, bado zote zikiwa na namba moja. Nilikuwa nimeongeza mashahidi wa kusema neno lile lile.

Chukua ule mpira wa tyubu ambao watu wa bodaboda hufungia mizigo. Ukiwa umelegea, uchore mistari 50 kwa kalamu, iliyokaribiana. Sasa uvute. Mistari haiongezeki, nafasi kati yao ndiyo inayopanuka. Mchoro wangu ulipokuwa kwenye skrini ya sentimita 15, kila ngazi ilikuwa na milimita 3. Kwenye karatasi ya A4 ingekuwa karibu milimita 6. Bango liliuvuta mpira hadi sentimita 6. Ndiyo maana mabadiliko madogo ya rangi juu ya eneo kubwa huleta shida kuliko mabadiliko makubwa. Kutoka nyeupe kabisa hadi nyeusi kabisa kuna ngazi zote 256 za kutumia, lakini kutoka kijivu hadi kijivu zaidi kuna chache. Kijivu pia kina ukaidi wake, kwa sababu namba zake tatu hubadilika kwa pamoja. Katika machweo namba hizo hupishana, moja ikishuka hapa na nyingine pale, kwa hiyo ngazi huwa ndogo zaidi na hazionekani haraka.

Lakini siku ile sikuwa nimefika huko. Baada ya pikseli kuniangusha, niliilaumu mashine. Fundi aliyekuwa akichapa, kijana mtulivu katika duka dogo karibu na River Road, hakubishana. Alisema tu, “Tuigeuze, mzee.” Akaugeuza mchoro robo duara na kuchapa kipande kidogo. Mistari ikageuka pamoja na mchoro.

Jaribio hilo ni rahisi na linasema mengi. Mashine ya kuchapa mabango ina kichwa kinachokwenda kushoto na kulia kikirusha wino, huku turubai likisogezwa mbele kidogo kidogo. Tundu likiziba, au turubai likisogea zaidi au pungufu ya inavyotakiwa, hutokea mistari pia, lakini hiyo hufuata njia ya kichwa siku zote, hata uugeuze mchoro namna gani. Dawa yake ni kusafisha kichwa, kurekebisha usogezaji, au kukiruhusu kichwa kipite mara nyingi zaidi juu ya sehemu moja, jambo linalochelewesha kazi. Mistari inayogeuka na mchoro imetoka kwenye faili. Mashine inachapa ngazi kwa uaminifu kwa sababu imepewa ngazi.

Mbona basi kwenye simu sikuziona? Zilikuwepo. Zima taa, ongeza mwanga wa simu, na katika rangi za giza unaweza kuanza kuziona. Mchana, kioo kinachoakisi dirisha huzifunika. Isitoshe, ile sentimita 6 yangu ni ya hesabu safi tu. Kabla ya kuchapa, namba za mwanga hubadilishwa kuwa asilimia za wino, na hapo hukadiriwa tena kwa namba nzima. Ngazi mbili zinaweza kuungana kuwa moja, na inayofuata ikaruka mara mbili. Kwa hiyo kanda za bango halisi hazilingani upana, na zile pana ndizo zinazovuta jicho.

Umbali nao hausaidii kama tunavyodhani. Jicho zuri hutenganisha vitu vilivyoachana kwa takriban sehemu moja ya 60 ya digrii. Ukiwa mita 10, hiyo ni kama milimita 3. Vitone vya wino ni vidogo kuliko hivyo, kwa hiyo huyeyuka machoni, na ndiyo sababu bango kubwa la barabarani huchapwa kwa pikseli chache kwa inchi bila mtu kulalamika. Ukanda wa sentimita 6 hauyeyuki. Nilikuwa nikiongeza kitu ambacho bango halikukihitaji.

Jicho lenyewe linachochea moto. Michel-Eugène Chevreul, mkemia Mfaransa, alisimamia idara ya kutia nyuzi rangi katika kiwanda cha Gobelins mjini Paris, na alipelekewa malalamiko kwamba rangi nyeusi ya nyuzi imepauka. Alipoichunguza, aliona rangi haina kasoro, bali rangi zilizokaa kando yake ndizo zilizokuwa zikilihadaa jicho. Mwaka 1839 alichapisha matokeo yake. Kanda za kijivu zikipangwa kwa ngazi, kila moja huonekana nyeupe zaidi pembeni inapopakana na jirani mweusi, na nyeusi zaidi upande wa pili, ingawa ukanda mzima ni rangi moja. Maelezo yanayotolewa sana ni kwamba seli za jicho zinazopakana huzimana, hivyo ukingo hutiwa chumvi, ingawa si watafiti wote wanaokubali kwamba hilo linatosha. Matokeo, kwa vyovyote, ni kwamba tofauti ya namba moja, ambayo ingepita kimya, inapigiwa mstari na jicho.

Dawa ndiyo inayonifurahisha, kwa sababu inasikika kama kuharibu kazi: chafua picha.

Fikiria umetandika mkeka, upande mmoja mahindi matupu, upande mwingine maharagwe matupu. Ukiyatenganisha kwa mstari, kila apitaye ataona mpaka. Sasa yachanganye kama githeri. Karibu na mahindi, tupa haragwe moja katika punje kumi, mbele kidogo matatu, katikati matano, na kuendelea. Hujaleta punje ya aina ya tatu. Bado ni mahindi na maharagwe tu, lakini ukisimama wima macho yanaona mteremko. Ndivyo inavyofanywa kati ya 51 na 50: badala ya pikseli zote kubadilika kwenye mstari mmoja, zinatawanywa kwa bahati nasibu, na idadi ya zile za 50 inaongezeka polepole. Lawrence Roberts wa chuo cha MIT nchini Marekani, ambaye baadaye aliongoza ujenzi wa ARPANET, mtandao uliotangulia intaneti, alionyesha mwaka 1962 kwamba picha iliyobanwa kwenye ngazi chache huonekana vizuri zaidi ikitiwa chenga, yaani huo mtawanyo wa bahati nasibu, kwanza.

Neno muhimu ni “kwanza”. Chenga hufanya kazi vizuri zaidi zikitiwa wakati rangi bado ina ngazi nyingi, kwa mfano katika faili ya biti 16, kabla ya kushushwa hadi ngazi 256. Ukizinyunyiza juu ya ngazi zilizokwisha kujengeka, unazifunika tu. Kwa bango la barabarani, kufunika mara nyingi kunatosha.

Nilitia chenga, nikaikagua faili, nikampelekea fundi kwa WhatsApp kama picha. Bango likatoka na ngazi, na safari hii zilikuwa na miraba midogo pembeni. WhatsApp huibana picha ili iwe nyepesi, na ubanaji huanza kwa kutupa vijitu vidogo visivyo na mpangilio, na chenga zangu zilikuwa hivyo hasa. Mpwa wangu akalitazama, akanitazama mimi, akasema, “Mjomba, kwani kijivu ni lazima?”

Mara ya nne niliipeleka faili mwenyewe, kwenye flashi, kwa matatu. Ukilisogelea bango lile hadi pua iguse, linaonekana kama limemwagiwa mchanga. Wateja hukaa kwenye benchi ng’ambo ya barabara.