Je, wajua kwa nini sisimizi hawabanduki kwenye kunde zako?

Masika yakikolea, kunde huchanua majani, na baada ya wiki chache utaona msafara wa sisimizi ukipanda na kushuka kwenye mashina. Majani yakijikunja, lawama zote huwaangukia wao. Kumbe sisimizi hawali kunde. Wanafuata mifugo yao.

Geuza ncha changa ya mkunde uitazame kwa karibu. Utakuta vidudu weusi wanaong'aa, wadogo kuliko punje ya ufuta, wamebanana kuzunguka kikonyo. Hao ni vidukari, ambao wakulima wengi huwaita wadudu mafuta. Kila mmoja amechomeka mdomo mwembamba kama sindano, ananyonya utomvu. Utomvu huo una sukari tele lakini protini yake ni haba mno, kwa hiyo kidukari hunywa mwingi kupita kiasi, kisha sukari iliyozidi huitoa kwa nyuma kama tone la maji matamu.

Tone hilo ndilo sisimizi analolitaka. Tulia kidogo utamwona akimpapasa kidukari mgongoni kwa vipapasio vyake, tone litoke, alinywe papo hapo. Naye hulipa kwa ulinzi: huwafukuza wanaokula vidukari, hasa yule mdudu wa mviringo, mwekundu mwenye madoa meusi, pamoja na mabuu wake. Buu huyo ni mweusi mwenye alama za rangi ya chungwa, umbo lake kama mamba mdogo. Huniuma sana kuona mtu akimponda kwa kudhani ni mharibifu, maana hakuna msaidizi bora kuliko yeye.

Na vidukari huongezeka kwa kasi ya kutisha. Majike huzaa bila dume, tena watoto hai, na mtoto huzaliwa akiwa tayari na mimba changa ndani yake. Baada ya wiki moja hivi, naye anazaa.

Kama una karanga jirani, chunga zaidi: kidukari huyuhuyu hueneza virusi vya rozeti, ugonjwa wa karanga ulioripotiwa Tanganyika tangu 1907.

Mimi huanza asubuhi kwa kuwapiga maji kwa nguvu, hasa chini ya majani. Wakizidi, natumia maji ya sabuni ya mche. Kisha namwaga majivu makavu kuzunguka mashina, na kuyarudia kila mvua inapoyaosha. Msafara wa sisimizi ukikatika, wale wenye madoa hurudi wenyewe, utawakuta wakila ncha moja baada ya nyingine.