Shule ya mlisho haina mlango wake chuoni

"Shemeji, shule tumeshapata," shemeji yangu aliniambia Jumapili baada ya ibada, kikombe cha chai mkono mmoja, simu mkono wa pili. "Hii ni feeder ya Trinity kabisa. Mwaka jana imeingiza watoto asilimia mia na tano!"

Trinity ni chuo kikuu cha hapa Dublin, na feeder ndiyo shule ya mlisho. Nikacheka kidogo, naye akadhani nafurahi pamoja naye. Kumbe nilikuwa nahesabu. Ilikuwa mara ya nne tangu shule zifunguliwe kusikia maneno hayo kutoka kwa wazazi wenzangu tunaolea watoto hapa Dublin, Watanzania kwa Wakenya kwa Wakongomani. Mmoja wao amehamisha familia nzima, analipa kodi inayomkosesha usingizi, ili awe karibu na shule ambayo gazeti limeiweka juu. Basi leo niliandike nilimalize.

Maana kwanza, haraka haraka. Shule ya mlisho ni shule ambayo wanafunzi wake wengi huendelea na shule au chuo fulani kilicho ngazi ya juu yake. Kwa zaidi ya miaka 20 sasa magazeti ya Ireland, The Irish Times likiwa mbele, yamekuwa yakichapa jedwali: kila shule ya sekondari, wangapi walifanya mtihani wa mwisho uitwao Leaving Certificate, wangapi waliingia vyuo, na ni vyuo gani. Wengine huchukua takwimu hizo wakazipanga 1, 2, 3 mpaka 400. Maana ni hiyo tu.

Ugomvi wangu uko kwenye neno lenyewe.

Nimesema "mlisho" kwa sababu Kiswahili kinalo na kinalitumia. Zipo barabara za mlisho, zile za vijijini zinazopeleka magari kwenye barabara kuu. Yapo mabasi ya mlisho Dar es Salaam, yanayokusanya watu mitaani na kuwafikisha kituo cha mwendokasi. Mzizi wake ni ule wa kula: kula, kulisha, mlishi, lishe, malisho. Sasa tazama kitendo hicho kinavyokaa. Anayelisha ndiye mwenye chakula, na anayelishwa hufungua mdomo tu. Ukimwambia mzazi kwamba shule fulani inalisha Trinity, picha inayomjia ni ya shule iliyoshika kijiko, na chuo kinasubiri mdomo wazi.

Kwa Kiingereza neno hilo, feeder, lina maana nyingine inayotufaa zaidi, ya maji. Ni kijito au mfereji mdogo unaoingiza maji kwenye mfereji mkubwa. Ireland wenyewe wanao mmoja maarufu. Mfereji mkuu unaokatiza Dublin, ule wenye mabata ambao watu hukaa kandokando yake jua likitoka, hupata maji yake mengi kutoka kinamasi cha Pollardstown huko Kildare, kupitia mfereji mdogo uitwao Milltown Feeder. Na kinamasi hicho nacho hakitengenezi maji. Kinayapata kwenye chemchemi, na chemchemi zinayapata chini ya tambarare ya Curragh, ambako mvua imekuwa ikinyesha na kuzama ardhini. Anayesimama darajani Dublin akausifu mfereji wa Milltown kwa wingi wa maji, hajakosea sana. Ameisahau mvua tu.

Sasa tuje kwenye lile linalonikera hasa: hapa Ireland neno hilo moja linafanya kazi mbili, na watu wanazichanganya.

Kazi ya kwanza iko chini, kati ya shule ya msingi na sekondari. Kila sekondari inapaswa kuchapisha sera yake ya udahili, na sheria ya udahili ya mwaka 2018 ilikaza masharti yake. Sera hiyo hueleza nani atapewa kipaumbele waombaji wakizidi nafasi: wenye ndugu pale shuleni, wanaokaa eneo fulani, watoto na wajukuu wa waliosoma hapo zamani (hao wasizidi robo ya nafasi). Na mara nyingi utakuta kipengele kinachotaja kwa majina shule za msingi za mlisho. Mtoto akiwa anamaliza mojawapo ya hizo, anatangulia. Hapo mlisho ni mlisho kweli. Kuna bomba, kuna karatasi inayosema bomba lipo, na ukinyimwa nafasi kinyume na karatasi hiyo unaweza kukata rufaa.

Kazi ya pili iko juu, kati ya sekondari na chuo. Huko hakuna bomba. Mwombaji hujaza machaguo yake kwa ofisi moja ya taifa zima, CAO, iliyoko Galway na inayofanya kazi hiyo tangu miaka ya 1970. Mtihani ukisahihishwa, masomo sita aliyofanya vizuri zaidi hugeuzwa kuwa pointi. Alama ya juu kabisa katika somo la kiwango cha juu ni pointi 100. Hisabati ya kiwango hicho ina nyongeza ya 25, ndiyo maana kilele ni 625. Kozi yenye waombaji wengi huchukua kuanzia aliye juu na kushuka mpaka nafasi ziishe. Wawili wakifungana mwishoni na nafasi imebaki moja, inapigwa kura: kila mwombaji ana namba ya bahati nasibu, na namba ndiyo inayoamua. Miaka ya karibuni, alama zilipopanda mno, zimekuwepo kozi ambazo hata mwenye 625 kamili ameingizwa kwenye kura hiyo. Mtoto aliyepata kila kitu anasubiri bahati kama wengine, na shule yake, hata iwe ya kwanza kwenye gazeti, haina pa kumpigia simu.

Kuna sehemu moja ambapo jina la shule huhesabiwa, nayo inakwenda kinyume kabisa na anavyodhani shemeji yangu. Mpango wa HEAR, unaowapa nafasi kwa pointi pungufu watoto wa familia zenye kipato kidogo, huangalia pamoja na mambo mengine kama mwombaji amesoma shule ya DEIS, yaani zile ambazo serikali imezitambua kuwa katika mazingira magumu. Shule hizo ndizo ambazo mzazi mwenye gazeti mkononi anazikimbia.

Na mwaka mmoja jina la shule nusura lihesabiwe kwa wote. Mwaka 2020 mitihani ilifutwa kwa sababu ya korona, walimu wakakadiria alama, na mpango wa awali ulikuwa makadirio hayo yarekebishwe kwa kutazama pia historia ya matokeo ya kila shule. Uskoti na Uingereza wakajaribu kitu cha namna hiyo Agosti, kukawa na kilio barabarani. Ireland ikaiondoa historia ya shule kabla matokeo hayajatoka. Mwanafunzi wa shule moja ya kulipia alikwenda mahakamani kudai kwamba kuondolewa huko kumemshusha. Mwaka 2021 Mahakama Kuu ikamkatalia. Hivyo hata pale bomba lilipotaka kuchimbwa, lilifukiwa.

Sasa kama hakuna bomba, orodha ya gazeti inapima nini? Jibu liko katika jinsi inavyopatikana. Matokeo ya mtihani shule kwa shule huku hayatolewi. Kifungu cha 53 cha Sheria ya Elimu ya mwaka 1998 kinampa waziri uwezo wa kukataa kutoa taarifa zinazoweza kutumika kuzishindanisha shule kwa ufaulu. Wasomaji wa nyumbani mtakumbuka NECTA, baraza la mitihani la Tanzania, walivyoacha kutangaza shule kumi bora Januari 2023. Ireland mlango huo ulifungwa mapema zaidi, na kwa sheria. Wanahabari wakazunguka nyuma ya nyumba. Waliviendea vyuo, wakauliza: hawa mliowaandikisha mwaka huu wa kwanza walitoka shule gani? Chuo kikafungua rejista, kikahesabu.

Ona basi hesabu inaanzia wapi. Inaanzia kwa mpokeaji. Hakuna shule iliyotuma mtu. Chuo ndicho kilichogeuka nyuma na kuuliza umetoka wapi. Ni kama kusimama kituo cha Kariakoo na kuuliza abiria wanaoshuka wametokea mtaa gani. Utapata orodha nzuri ya mitaa, lakini hutajua ni basi lipi lina dereva mzuri.

Asilimia mia na tano ya shemeji ndipo inapozaliwa. Chukua shule ya mfano iliyokuwa na watahiniwa 80 mwaka huu. Waliojiandikisha vyuoni wakitokea hapo ni 84, kwa sababu ndani yao wamo waliomaliza mwaka jana wakaenda kufanya kazi dukani kwanza, na wapo waliorudia mtihani. 84 kwa 80 ni asilimia 105. Aliyerudia mtihani kwenye shule ya tuisheni ya mjini anaweza kuhesabiwa huko na huko pia. Kwa upande wa pili, binti aliyekwenda kusomea udaktari Poland au Budapest, kama wanavyofanya wengi, haonekani. Kijana aliyeingia uanagenzi wa umeme, anayelipwa huku anajifunza, haonekani. Kwenye jedwali hao ni sawa na waliopotea.

Hata neno "chuo kikuu" limesogezwa. Kati ya 2019 na 2022 taasisi karibu zote za teknolojia ziliunganishwa zikawa vyuo vikuu vya teknolojia. Taasisi ya Letterkenny, kule Donegal, iliingia katika chuo kikuu kipya cha ATU Aprili 2022. Mwalimu yuleyule, darasa lilelile, basi lilelile la asubuhi, na ghafla shule za jirani zote zimepeleka watoto chuo kikuu. Ndiyo sababu magazeti huweka safu mbili, moja ya elimu ya juu yote na nyingine ya kozi za pointi nyingi. Watu hupiga picha safu moja na kuirusha kwenye kundi la WhatsApp bila kichwa chake.

Na mvua ya Curragh je? Ireland ina sekondari zaidi ya 700, na zinazotoza ada ni kama 50 tu, ingawa walimu wao wengi wanalipwa na serikali. Fungua sehemu ya juu ya orodha utazikuta hizo zimejazana, pamoja na shule zinazofundisha kwa Kiayalandi na za vitongoji ambavyo nyumba zake mimi na wewe tunazipita kwa basi. Mtoto anaingia hapo akiwa na miaka 12, mama daktari, baba mhandisi, tuisheni ya hisabati kila Jumamosi. Baada ya miaka mitano au sita anaingia chuo. Sisemi shule haikufanya kitu. Nasema jedwali halina safu ya alivyokuwa siku anaingia, na bila safu hiyo huwezi kujua shule imeongeza nini.

Hapa Kiswahili chetu nacho kinashiriki kosa. Tuna kitenzi kufaulisha: "ile shule inafaulisha." Kufaulu ni kwa mtoto, ukiongeza kiambishi kimoja, sifa yote imehamia kwa shule. Nyumbani tumekizoea, tukaja nacho ndani ya begi, na tunaposoma orodha ya gazeti la Dublin tunaisoma kwa kitenzi hicho, wakati orodha yenyewe haikuwahi kudai hivyo.

Kama ningepewa nafasi ya kuibatiza upya ningeiita orodha ya walikotoka. Haina mvuto wa kuuza gazeti, najua.

Shemeji sikumwambia yote haya, chai ingepoa. Nilimuuliza tu mtoto anasoma shule gani ya msingi, tukafungua sera ya udahili ya ile sekondari kwenye simu yake, tukashuka mpaka pale walipoorodhesha shule za mlisho. Ya mtoto haikuwemo. Ilikuwemo kwenye sera ya sekondari nyingine, dakika kumi kwa miguu kutoka kwao, ambayo gazeti limeiweka katikati.

"Kwa hiyo hii ndiyo feeder?" akauliza.

"Hiyo ndiyo, shemeji. Ile ya Trinity ni hesabu ya waliofika. Hii ni ya mtoto wako kuingia. Na mwisho wa maombi ni wiki ijayo."

Akaweka kikombe chini, akaanza kujaza fomu.