Breki za Prado ya zamani: zinapoharibikia na gharama zake

Prado nyingi za toleo la 120, zile za 2002 hadi 2009, zinafika gerejini kwangu hapa Dar na malalamiko yaleyale: pedi za mbele zilibadilishwa, zikaisha upesi, zikabadilishwa tena. Mwenye gari anaamini kauziwa feki. Feki zipo, lakini kwenye gari la umri huu mimi naanza kushuku kalipa, kile chuma kinachobana pedi kwenye diski.

Kalipa ya mbele ina pistoni nne, mbili kila upande wa diski, na kila pistoni ina kimpira cha kuzuia vumbi. Kimpira kikichanika, maji yanaingia na kutu inajenga mkanda kuizunguka pistoni. Ukikanyaga breki inasogea mbele, ukiachia hairudi, na pedi inabaki inasugua diski safari nzima. Chomoa pedi uzipange mezani: moja ina nyama ya kutosha, mwenzake imeliwa upande mmoja hadi chuma. Ukiona hivyo, usikubali kufungiwa pedi mpya peke yake. Magari yaliyotembea kwenye barabara za Japani zinazomwagiwa chumvi wakati wa theluji yana tatizo hili sana, na ya pwani kama Tanga au Unguja vilevile.

Dawa ni kufumua kalipa, kusafisha na kuweka sili mpya (mipira inayozuia mafuta yasivuje) na vimpira vipya vya vumbi. Seti ya sili ni rahisi, mara nyingi haifiki shilingi 100,000 kwa kalipa zote mbili. Pistoni iliyochimbika kutu inunuliwe mpya. Kuipiga msasa ni kumaliza kromu yake, na sili mpya itavujisha baada ya muda mfupi.

Lakini kabla ya kufumua chochote, pima. Gurudumu likiwa limeng'ang'ania, inua gari, legeza skrubu ya kutolea upepo kwenye kalipa. Gurudumu likiachia papo hapo, kulikuwa na presha iliyonaswa, na mara nyingi mpira unaopitisha mafuta ya breki umevimba kwa ndani. Lisipoachia, ugonjwa uko ndani ya kalipa. Kipimo hiki cha dakika chache kinaokoa pesa nyingi.

Pedi nzuri za mbele nakutana nazo Kariakoo kati ya shilingi 80,000 na 200,000, kutegemea chapa. Diski mbili za mbele hazipungui sana chini ya 250,000. Usukani ukitetemeka unapofunga breki kwenye mwendo, diski zinaweza kukerezwa, mradi zibaki juu ya unene wa chini, ambao kwa kawaida umegongwa kwenye diski yenyewe. Fundi asiyepima unene kabla ya kukereza, mwondolee gari lako.

Kitu kinachodharauliwa kuliko vyote ni mafuta ya breki. Yananyonya unyevu wa hewa. Aina ya DOT 3 yakiwa mapya huchemka kuanzia nyuzi 205 za Selsiasi. Yakishanyonya maji, kiwango cha chini cha kuchemka kinachotakiwa ni 140 tu. Shuka mlima Kitonga na mzigo, umekalia breki mfululizo, mafuta yanachemka, mapovu yanajaa kwenye mabomba na pedeli inazama hadi chini. Teremka na gia nzito, na ubadilishe mafuta yote kila miaka miwili. Yakiwa meusi kama chai ya rangi, usisubiri. Na kamwe usiongeze oili ya injini au ya pawa stelingi: inavimbisha sili za mfumo mzima.

Hilo ni janga zaidi kwa Prado zenye VSC, mfumo wa kuzuia gari lisiteleze, kwa sababu busta yake, kifaa kinachoongezea nguvu mguu wako kwenye breki, haitumii upepo wa injini. Ina mota ya umeme inayosukuma mafuta ya breki yenyewe. Ukiwasha swichi utaisikia ikinguruma sekunde chache kisha inanyamaza. Ikianza kunguruma kila mara bila wewe kukanyaga, au ukisikia mlio mfululizo na taa nyekundu imewaka, egesha gari na uite la kuvuta. Pedeli inaweza kuwa ngumu kama jiwe ukiwa barabarani. Busta mpya kamili inavuka dola 1,000 za Marekani, ndiyo maana wengi huchukua ya mtumba. Ukiichukua, dai ijaribiwe kwenye gari lako kabla hujamaliza kulipa. Kutoa upepo magurudumu ya nyuma kunafanyika swichi ikiwa imewashwa ili mota isukume mafuta. Fundi akikuambia "breki ni breki tu", huyo hajawahi kuugusa mfumo huu.

Hendibreki ina shuu ndogo zilizofichwa ndani ya diski za nyuma. Zenyewe haziishi haraka. Kinachoganda ni kijimkono kinachovutwa na waya nyuma ya gurudumu: kinashika kutu, na hendibreki ama haishiki, ama haiachii. Kukisafisha na kukipaka grisi ni gharama ya ufundi tu. Kisha fundi arekebishe shuu kwanza kupitia tundu la diski, waya ufuate. Akianza na waya, shuu zitasugua na diski ya nyuma itachemka.