Kabla Mti Haujaitwa Dawa ya Malaria
Katika soko la Kariakoo, magome ya mwarobaini hupangwa kwa mafungu kando ya mizizi inayosifiwa kuondoa homa, na wanunuzi si haba. Sisi watafiti hatuwabezi, kwa kuwa kwinini, dawa ya zamani ya malaria, ilipatikana kwenye magome ya mti mwaka 1820, na atemisinini, iliyo msingi wa dawa mseto za malaria, ilitoka kwenye mmea wa Artemisia annua. Mtafiti wa China, Tu Youyou, aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015, alifanikiwa baada ya kubaini kuwa joto kali huharibu kiambata hicho (kemikali ya mmea inayotibu), akakitoa kwa etha, kimiminika cha kuyeyushia, katika joto dogo.

Maabarani, vimelea vya malaria viitwavyo Plasmodium falciparum hukuzwa ndani ya chembe nyekundu za damu ya binadamu, katika nyuzi joto 37 na hewa yenye oksijeni kidogo, kisha hutiwa dondoo la mmea, yaani kile kilichokamuliwa kutoka kwenye mmea, kwa viwango vinavyopungua hatua kwa hatua, ili kujua ni kiasi gani kinachozuia nusu ya vimelea kukua. Matokeo hayo peke yake hayatoshi, maana hata sabuni ya kufulia itaua vimelea ndani ya kisahani. Kwa hiyo dondoo lile lile hupimwa kwenye seli nyingine za binadamu, na likiziua kwa kiwango kinachokaribiana na kile kinachoua vimelea, huachwa, hata kama mti wenyewe una sifa kubwa mitaani.

Linalovuka hapo hupewa panya walioambukizwa Plasmodium berghei, kimelea cha malaria ya panya, kwa siku nne. Siku ya tano, tone la damu ya mkiani hupakwa kwenye kioo, hutiwa rangi ya Giemsa na kuhesabiwa vimelea chini ya hadubini. Dondoo nyingi hukwama hapa, kwa sababu kiambata huharibiwa tumboni au kwenye ini kabla ya kuwafikia vimelea. Majaribio kwa binadamu hufuata baadaye sana, tena kwa vibali vya maadili na vya usalama wa dawa.

Ugumu wa dawa ya kuchemsha nyumbani uko kwenye dozi: kiasi cha kiambata hubadilika kwa udongo, msimu na namna majani yalivyokaushwa, na dozi pungufu huacha vimelea hai mwilini. Ndiyo maana mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilikataa kuunga mkono matumizi ya chai ya artemisia kwa malaria. Mtoto mwenye homa apelekwe kupimwa damu siku hiyo hiyo, na mzazi aliyekwisha kumpa dawa ya miti amtajie mhudumu mti wenyewe bila kuona haya.