Pikipiki ya zamani inavuja oili? Acha kwanza hizo gasketi

Watu wengi wakiniletea pikipiki ya kizamani inayovuja oili wanakuja na jibu mkononi, "fundi hii gasketi tu imekufa" (kile kizibo chembamba kinachokaa kati ya vyuma viwili), na seti nzima mpya kabisa wameshanunua. Mimi nazipokea naziweka pembeni kwanza. Gasketi ipi imekufa tutajua baadae, kinachonisumbua mwanzo ni nini kinaisukuma hiyo oili mpaka itafute njia ya kutokea. Injini ikishajaa upepo ndani hata ukiifunga na gasketi za dhahabu itavuja tu, ukiziba huku inatokea kule.

Chukua zile injini za Uingereza za silinda mbili, Triumph, BSA, Norton. Pistoni zake zote mbili zinapanda pamoja na kushuka pamoja, kwa hiyo injini ya cc 650 kila pistoni zikishuka kuna cc 650 za hewa zinagandamizwa kwenye nyumba ya kranki (chumba cha chini cha injini), na hilo linatokea kila kranki ikizunguka mara moja, sasa piga hesabu ikiwa kwenye mizunguko 4000 kwa dakika. Honda CB350 ya silinda mbili haina shida hiyo kiivyo maana pistoni moja ikipanda nyingine inashuka, hewa inahamia upande wa pili tu. Ndo maana hizi za Uingereza zinategemea sana tundu la kupumulia, linaloitoa hiyo hewa nje. Triumph wenyewe kwenye 650 zao mwaka 1970 waliachana na ile valvu ya kupumulia iliyokuwa inazungushwa na kamshafti (shafti inayofungua valvu za injini), wakaifanya injini ipumulie kupitia upande wa cheni ya praimari (inayopeleka nguvu ya injini kwenye klachi) halafu hewa inatoka kwa mpira mnene nyuma.

Kwa hiyo kazi ya kwanza kabisa, angalia huo mpira wa kupumulia. Mara nyingi umebanwa na kitu, umejikunja chini ya siti, umeoza ndani ukajiziba, au kuna mtu alichoka kuona unadondosha oili akauziba kwa boliti (nimeikuta hiyo zaidi ya unavyodhani). Uchomoe, uupulize kwa mdomo uone kama hewa inapita, urudishe, washa injini weka kidole pale mwisho. Ukisikia mapigo mepesi ni sawa, ukisikia inapuliza kama pampu ya baiskeli na moshi juu, hapo ringi za pistoni zimechoka, moto wa juu unapita unaingia chini, pima kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda) kabla hujagusa kitu kingine.

Halafu kuna hii ambayo inawadanganya wengi. Pikipiki zenye tangi la oili la pembeni, ukiiacha wiki kadhaa bila kuwasha, oili inajipenyeza taratibu kwenye pampu inashukia tumboni mwa injini. Siku unapiga kiki inatapika oili yote kupitia tundu la kupumulia, chini dimbwi, mwenye nayo anasema injini imepasuka! Haijapasuka. Kabla ya kuwasha fungua tangi, ukiona kiwango kimeshuka na sakafuni hakuna kitu, basi oili iko chini. Usiongeze!! Fungua nati ya chini uitoe, uipime, uirudishe kwenye tangi kama bado safi. Kiwango cha oili kwenye hizi injini kinapimwa baada ya kuwasha ikazunguka, sio asubuhi ikiwa baridi. Wapo wanaofunga koki kwenye mpira wa oili ili isishuke, mimi siipendi hiyo hata kidogo, siku ukisahau kuifungua umeua injini, afadhali urekebishe valvu ya pampu au uvumilie kuitoa.

Ukishamaliza hayo ndo uanze kutafuta panapovuja. Oili inateremka, na ukiwa barabarani upepo unaipeleka nyuma, kwa hiyo pale unapoiona inadondoka karibu kila mara sio pale inapotokea. Osha injini yote kwa mafuta ya taa au sabuni ya grisi, kausha mpaka ndani ya mapezi ya silinda, nyunyiza poda ya watoto, zunguka kidogo hadi ipate moto, urudi na tochi. Tafuta sehemu ya juu kabisa na ya mbele kabisa iliyolowa, achana na zingine zote. Kwenye pikipiki ambazo giaboksi iko mbali na injini nusa pia, oili ya gia ina harufu kali ya kiberiti hutaichanganya na ya injini, na kama ni nyuma ya sproketi basi una sili ya giaboksi (ile raba inayozunguka shafti kuzuia oili) ya kubadilisha, injini haihusiki.

Maeneo yangu ya kuanzia ni vifuniko vya roka (vile vya juu kabisa, vinavyofunika mikono inayosukuma valvu), mirija ya pushrodi (fito zinazopanda kuzisukuma hizo roka), waya wa takometa (saa ya mizunguko ya injini) unapoingilia, na swichi ya presha ya oili. Hiyo swichi ni ndogo hakuna anayeishuku, na ikivuja inalowesha upande mzima.

Sasa kufunga. Kifuniko cha aluminiamu kilichokazwa kwa hasira miaka mingi kinakuwa kimejikunja, weka msasa namba 400 juu ya kioo kinene, kisugue kwa kukizungusha mpaka pote pang'ae sawasawa. Gasketi ya karatasi naipa gundi nyembamba isiyokauka, filamu tu. Silikoni nyingi inayomwagikia nje ujue imemwagikia na ndani vilevile, vipande vinaenda kukaa kwenye chujio la pampu. Washa za shaba usizitupe, zichome mpaka ziwe nyekundu uzitumbukize kwenye maji, zinalainika zinabana upya. Sili ya oili upande wenye springi unaelekea kwenye oili, na pitisha ukucha kwenye shafti, ukihisi mfereji basi sili mpya itavuja vilevile, iingize milimita moja au mbili tofauti na ya zamani ili mdomo ukae kwenye chuma kizima. Skrubu za milimita 6 zinatosha kwa Nm 10 hivi, kaza kwa kuvuka upande hadi upande, zikigoma kushika uzi umekufa, weka helikoili (springi ya chuma inayotengeneza uzi mpya tunduni) usiongeze nguvu.

Kama ulifungua hedi (kichwa cha juu ya silinda), baada ya safari ya kwanza iache ipoe kabisa usiku mzima, kaza tena boliti za hedi kwa kipimo cha kitabu cha hiyo modeli, halafu upime tena nafasi za valvu maana hedi ikikaa chini na zenyewe zinabadilika. Valvu zikikosa nafasi zitaungua mapema tu, na utafungua tena hedi ile ile uliyotoka kuifunga.