Kosa 535: barua pepe zinaingia, kwa nini hazitoki?

Barua zinaingia bila shida, lakini ukibonyeza kutuma, programu inakuuliza nenosiri tena na tena, kisha inakuletea namba 535. Wengi hapo hukimbilia kubadilisha nenosiri. Naomba usifanye hivyo kwanza; nitaeleza kwa nini.

Namba hiyo inasema jambo moja tu: seva ya kutuma barua ilikutaka ujitambulishe, ukajitambulisha, ikakukataa. Kujitambulisha huko ndiko kunakoitwa uthibitishaji. Kupokea na kutuma ni milango miwili. Barua huingia kwa itifaki (kanuni za mawasiliano) ya IMAP au POP na hutoka kwa ile ya SMTP, na kila mlango una mipangilio yake, hivyo mmoja unaweza kukufungukia na mwingine ukagoma.

SMTP ilipotolewa mwaka 1982 haikumuuliza mtu jina. Watuma barua taka wakazigeuza seva za watu kuwa njia yao, na mwaka 1999 ukawekwa rasmi utaratibu wa kudai jina na nenosiri.

Kinachowasumbua wengi leo ni hiki: nenosiri ni sahihi kabisa, ila seva hailitaki. Tangu tarehe 30 Mei 2022, Google iliacha kuruhusu akaunti za kawaida za Gmail zifunguliwe na programu nyingine kwa nenosiri la kawaida. Programu ya zamani ya uhasibu inayotuma ankara, au skana ya ofisini, ikigonga na nenosiri hilo hurudishwa. Dawa ni kuwasha uthibitishaji wa hatua mbili kwenye akaunti, kisha kutengeneza nenosiri la programu. Ni herufi 16, nazo ndizo unazoweka kwenye ile skana au programu. Na hapa ndipo ninapokuomba usiwe na haraka: ukibadilisha nenosiri la akaunti ya Google, manenosiri yote ya programu hufutwa, hata yale yaliyokuwa yanafanya kazi.

Kabla ya kugusa chochote, ingia kwenye barua yako kwa kivinjari. Ikifunguka, nenosiri ni zima. Tafuta kosa kwenye mipangilio. Mara nyingi mtu ameandika jina tupu badala ya anwani nzima, au nafasi imejipenyeza mwishoni aliponakili nenosiri. Angalia pia poti, yaani namba ya njia ambayo programu hupitia kuingia kwenye seva: 587 huanza wazi kisha hupandisha ulinzi kwa amri ya STARTTLS, na 465 hudai TLS, yaani ulinzi wa kusimba mawasiliano, tangu mwanzo. Ukizichanganya, mara nyingi muunganisho hukatika hata kabla ya kuulizwa jina. Ukiona 530, kwa kawaida programu haikujitambulisha kabisa; washa sehemu inayosema seva ya kutuma inahitaji uthibitishaji.

Kuna kosa jingine linalofanana na hili kwa jina tu, kwa kuwa nalo hutaja uthibitishaji. Barua imetoka, halafu inarudi kutoka Gmail na namba 550 na 5.7.26. Hapo hakuna aliyekataa nenosiri lako. Seva inayopokea imeshindwa kuhakikisha kwamba barua imetoka kweli kwenye kikoa chako (jina linalofuata alama ya @ kwenye anwani), kwa sababu rekodi za SPF (seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina la kikoa) au DKIM (ufunguo wa kuhakiki saini ya barua) hazipo au zina kasoro. Rekodi hizo hukaa kwenye DNS, yaani orodha ya mtandao inayohifadhi taarifa za vikoa, kwa hiyo mtafute anayesimamia kikoa chenu, umtumie ujumbe mzima wa kosa kama ulivyorudi.